Daftari la Wachumaji Ndani ya Simu



Somo letu la safari hii lahusu jambo ambalo maofisini siku hizi huitwa usimamizi wa rasilimali watu kwa njia ya kidijitali. Jina hilo ni refu, na kusema kweli sisi hatulipendi sana, kwani mtu si gunia hata akahisabiwa pamoja na rasilimali. Lakini jambo lenyewe ni letu tangu zamani. Kila mwenye mikarafuu, awe na miti kumi au mia tano, ana kazi hiyo kila msimu: kutafuta wachumaji, kupatana nao, kuwagawia miti, kupima walichochuma, kuandika, kukata karadha, kulipa, na kumwomba Mungu warudi msimu ujao. Kinachobadilika ni chombo cha kuifanyia kazi hiyo, na wakati wenyewe umekwisha badilika kabla ya chombo.

Tuanze na wakati. Wazee wetu wanakumbuka misimu ambayo wachumaji walikuja wenyewe, wengine kutoka Unguja na wengine kutoka bara, wakaweka kambi shambani na kukaa mpaka mti wa mwisho. Leo kijana ana njia nyingi. Zipo hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje. Ipo kazi ya ujenzi mjini, ipo bodaboda, na wapo wanaovuka kwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba. Wanawake waliokuwa wakichambua karafuu jioni, wengi wao wana mwani wao pwani tangu ulipoanza kulimwa kwa biashara mwishoni mwa miaka ya 1980. Hatuwalaumu hata kidogo, kwani sisi wenyewe watoto wetu wamo humo humo. Twasema tu kwamba soko la kazi sasa limo mkononi mwa mchumaji, ndani ya simu yake. Rafiki yake aliye Paje humpigia usiku na kumwambia pana kazi, pana malipo ya kila wiki, njoo. Na sisi bado twamtafuta mtu huyo kwa kukaa barazani na kuuliza wapita njia.

Nayo karafuu haingoji. Kila mkulima ajua kwamba kikonyo hakiivi chote siku moja, wala mti hauivi wote siku moja, ndiyo maana mti mmoja hurudiwa mara mbili au tatu katika msimu. Vitumba vilivyojaa na kuanza kupata wekundu vina siku chache tu. Vikifunguka vikawa maua, bei yake imekwisha anguka. Vikiachwa zaidi huwa mpeta. Basi mchumaji aliyechelewa juma moja ni sawa na mchumaji asiyekuja. Na msimu wetu wenyewe haulingani mwaka kwa mwaka. Mwaka mmoja mikarafuu hubeba hata matawi yakainama, na mwaka unaofuata mti mzima haujazi pakacha. Mwenye hoteli ajua mwezi gani atahitaji watu wangapi. Sisi hatujui mpaka tutazame juu.

Tena wengi wetu ni wenye mashamba madogo. Zile eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zimekwisha rithiwa na watoto na wajukuu, na mwenye miti ishirini hawezi kuajiri mtu kwa msimu mzima. Amhitaji kwa siku tano, kisha aende kwa jirani. Hapo ndipo kazi ya Chama inapoanza. Daftari la mtu mmoja mwenye miti ishirini halina faida kubwa. Daftari moja la tawi zima, linaloonyesha nani yuko tayari, yuko shamba gani leo na atamaliza lini, hilo laweza kumpa mchumaji kazi ya miezi mitatu mfululizo badala ya siku tano. Na miezi mitatu ya kazi yenye malipo ya hakika ndiyo itakayoshindana na Paje. Si jambo geni kwa wakulima wa karafuu kushughulikia kazi ya uchumaji kwa pamoja. Chama cha Wakulima wa Karafuu cha zamani, kilichoanzishwa mwaka 1927, nacho kilijishughulisha na kazi hiyo tangu siku zake za mwanzo.

Lakini kabla hatujaingia katika simu, hatuna budi kutazama nyuma, kwa sababu daftari la wafanyakazi katika nchi zetu lina historia mbaya, na wachumaji hawakuisahau hata kama hawakuisoma skuli.

Huko Kenya palikuwa na kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume wa Kiafrika aliyepita umri wa miaka 16 alitakiwa kuchukua karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake, na khabari za kazi zake: tajiri alimwandika lini, kwa mshahara gani, na alimwacha lini. Karatasi ilitiwa ndani ya kikebe cha chuma kilichovaliwa shingoni kwa kamba. Mtu aliyeacha kazi bila tajiri wake kutia saini alitafutwa na polisi, na aliyeomba kazi mpya alipimwa kwa mshahara ulioandikwa na tajiri wa kwanza. Mwandishi alikuwa tajiri peke yake. Mwenye kuivaa, aghlabu, hakuweza hata kuisoma. Chuki juu ya kipande ilikuwa kubwa mpaka kikaondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940.

Tanganyika nako, katika mashamba ya mkonge, neno hilo hilo lilikuwa jina la kadi yenye vyumba thelathini. Kila siku ya kazi iliyotimizwa ilitiwa alama katika chumba kimoja, na mshahara ulipatikana vyumba vyote vilipojaa. Siku ambayo kazi haikutimia haikuandikwa. Watu walioletwa kutoka mbali kwa mikataba waliitwa manamba, kwa sababu daftarini walijulikana kwa namba. Neno hilo bado limo katika lugha yetu, na hakuna anayelitumia kwa kumsifu mtu.

Twaeleza haya kwa sababu simu, isipoangaliwa, yaweza kuwa kipande kipya, tena kipande kisichoonekana. Kile cha zamani mtu alikivaa shingoni na alijua kipo. Hiki cha leo chaweza kukaa katika simu ya karani, na mchumaji asijue hata kama jina lake limo.

Sasa tueleze yaliyotupata sisi wenyewe, kwani somo lisilo na kosa la mwalimu ndani yake huwa nusu somo.

Tulipoanza kuandika pishi ndani ya simu katika kambi moja, palikuwa na vijana wawili wenye jina moja na jina la baba moja. Mnajua majina yetu: Ali, Juma, Khamis, Omar, Said, yanazunguka humo humo. Tafauti yao ilikuwa jina la babu, na karani wetu hakuliandika. Kila jioni alipobonyeza jina, simu ilimletea la kwanza katika orodha, naye akaandika hapo. Kwa siku nne pishi za wote wawili zikaingia kwa mmoja. Siku ya malipo mmoja alipata fedha nyingi, akashukuru Mungu, akanyamaza. Wa pili alipata kidogo sana, nazo zilikuwa pishi za siku moja ambayo mwenzake alikuwa mgonjwa.

Kijana huyo alikuwa ameweka hisabu yake kwa mkaa, mistari juu ya ubao wa kambi, kila pishi mstari mmoja. Akamwonyesha karani. Karani akatazama simu, akatazama mistari, akasema, “Simu haikosei.” Msimamizi naye akasema hivyo hivyo. Usiku ule kijana akafunga nguo zake, na wenzake watano wakafunga zao, na alfajiri walikuwa Mkoani wakingoja boti ya Unguja.

Miti iliyokuwa ikingojewa wiki ile ilikuwa ya mjane mmoja, mwanachama wetu wa miaka mingi, ambaye hana kitu kingine msimu mzima. Tulipopata wachumaji wengine, sehemu kubwa ya karafuu zake zilikuwa zimekwisha funguka. Kosa tulilijua baada ya juma zima, tulipolinganisha simu na daftari la karatasi ambalo mpimaji aliendelea kuliandika kwa mazoea yake, bila ya mtu kumwamuru. Tulimpigia kijana simu, tukamwomba radhi, tukamtumia haki yake. Alijibu kwa adabu. Lakini alikuwa amekwisha pata kazi ya kubeba matofali, na wenzake watano vile vile.

Yule mwenzake aliyelipwa zaidi alirudisha, ila kwa sehemu sehemu. Kuhusu mjane, tawi lilichanga, lakini mchango haukufika nusu ya hasara.

Basi katika mambo yote ya somo hili, la kwanza ni hilo: simu hukosea kama daftari linavyokosea, na hukosea kwa haraka zaidi. Karani atakayesema kwamba simu haikosei asipewe simu.

Sasa tuje katika kazi yenyewe. Kwanza, nini cha kuandika. Kila mtu apewe namba yake ya msimu, lakini namba hiyo isisimame peke yake. Iandikwe pamoja na majina matatu, kijiji anachotoka, namba ya simu, mtu wa kupashwa khabari ikiwa pana ajali, na kazi anayoifanya. Hayo yatosha. Hatuhitaji kabila lake, wala picha ya kitambulisho chake, wala kujua ana wake wangapi. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, na shina lake ni rahisi: chukua khabari unayoihitaji kwa kazi uliyoitaja, itumie kwa kazi hiyo, ilinde, na mwenyewe ajue kwamba unayo. Hata kama sheria hiyo isingekuwapo, adabu yatosha. Karani haachi daftari la deni la watu wazi barazani, basi na simu yenye deni za watu ifungwe kwa namba ya siri, wala isichezewe na watoto.

Pili, ni nani waandikwe. Hapa twaona wenzetu wengi wanakosea bila kujua. Mtu akisema wachumaji, hufikiri vijana walioko juu ya miti. Lakini karafuu ikishuka bado ina vikonyo, na mkono unaoichambua jioni, kibatari mbele au taa ya umeme, ni mkono wa mwanamke au wa mzee, naye hulipwa kwa pishi vile vile. Yupo mwanikaji anayezitandaza juani na kukimbilia majamvi wingu likitanda. Yupo mpishi wa kambi, na yupo mlinzi wa usiku. Daftari likiwaacha hawa, basi nusu ya kazi ya karafuu haijulikani imefanywa na nani. Tena mwanamke aandikwe kwa jina lake na kwa simu yake. Tumeona mahali ambapo malipo ya wachambuaji wanne yalikwenda katika simu ya mume wa mmoja wao, kwa kuwa wao hawakuwa na laini. Mume yule alikuwa mwaminifu, lakini uaminifu wa mtu si utaratibu wa Chama. Asiye na simu alipwe fedha mkononi mbele ya shahidi, mpaka atakapokuwa na yake.

Tatu, kupima. Ugomvi mkubwa wa kambi tangu enzi za babu zetu ni pishi: ni ya mfuto, au ni ya kujaza mpaka kilele? Simu haiwezi kumaliza ugomvi huo. Ukiingiza pishi ya kilele kama pishi moja, simu itaandika moja. Kwa hiyo tawi likubaliane kabla ya msimu, mbele ya wachumaji, juu ya kipimo kimoja, na kama litaweza lipate mizani ya kidijitali ya kutundika, ambayo mchumaji mwenyewe ataona tarakimu zake. Wakulima wadogo wa chai wa Kenya, wanaopeleka majani yao kwa viwanda vya KTDA, walilalamika miaka mingi juu ya kupunjwa katika vituo vya kupokelea. Zikaletwa mizani za elektroniki zinazoandika uzito na kumpa mkulima risiti pale pale. Malalamiko hayakwisha yote, lakini mtu mwenye risiti mkononi hulalamika akiwa na ushahidi.

Huko huko Kenya, mwezi wa Mei 2023, mashine kadhaa za kuchumia chai zilichomwa moto katika eneo la Kericho, katika ghasia za watu walioona kwamba zinawanyang’anya kazi. Karafuu bado huchumwa kwa mkono wa mtu, na simu ya karani haipandi mti. Lakini mchumaji anayeona chombo kipya kimeletwa kambini bila kuelezwa, ana haki ya kuuliza kimeletwa kumfanyia nini. Aelezwe siku ya kwanza, na aelezwe na mtu anayeijua kazi ya juu ya mti.

Nne, na hili ndilo kiini cha jambo lote, ujumbe wa jioni. Kila jioni baada ya kupima, mchumaji apate ujumbe mfupi katika simu yake, hata kama simu yenyewe ni kitochi. Ujumbe uwe hivi, na tarakimu hizi ni za mfano tu: tuseme bei mliyopatana ni shilingi 2,000 kwa pishi, naye amechuma pishi 7 Jumatatu, 9 Jumanne, Jumatano mvua, na Alkhamisi 8. Jumla yake ni pishi 24, yaani shilingi 48,000. Alichukua karadha ya shilingi 10,000. Basi ujumbe wa Alkhamisi utasema: “Leo pishi 8. Jumla pishi 24, shilingi 48,000. Karadha 10,000. Baki 38,000. Kama si sawa, sema kabla ya kesho jioni.”

Tazameni maneno hayo ya mwisho. Hayo ndiyo tafauti baina ya daftari letu na kipande. Mwenye kuandikwa ana nakala yake, anaisoma, na anao muda wa kupinga. Akipinga, karani hana ruhusa ya kufuta wala kubadilisha peke yake. Hukaa watu watatu, karani, mpimaji na mmoja aliyechaguliwa na wachumaji wenyewe, na wanachokubaliana huandikwa chini ya kile cha kwanza, cha kwanza kikibaki kuonekana. Lau ujumbe huu ungalikuwapo msimu ule, yule kijana angaliona kosa jioni ya kwanza, na mjane wetu angalichumiwa karafuu zake.

Kuhusu programu za simu zenyewe hatutasema mengi, kwani hubadilika kila siku. Zipo za kujaza fomu, kama KoboToolbox, ambazo hufanya kazi hata pasipo mtandao: karani huandika bondeni, khabari hubaki ndani ya simu, kisha huzituma atakapopanda kilimani penye mtandao. Lipo pia jedwali la kawaida la hisabu ambalo kijana ye yote aliyesoma kompyuta skuli anaweza kulitengeneza. Twapendelea hilo la pili kwa kuanzia, kwa sababu likiharibika tutajua wapi, na hatutamngoja fundi kutoka mjini katikati ya msimu. Tangu Pemba ilipounganishwa kwa waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, kuchaji simu si taabu ya zamani, lakini kambi nyingi ziko mbali na nguzo. Karani awe na chaji ya akiba, na mfuko wa plastiki wa kutilia simu. Mwaka huo huo wa kosa letu simu nyingine ilinyeshewa na ikafa na hisabu za siku mbili.

Ndiyo sababu twasema daftari la karatasi lisitupwe. Kwa msimu wa kwanza na wa pili yaandikwe yote mawili, na jioni yalinganishwe. Najua yapo makundi ya vijana wetu wanaoona kalamu ni uzee. Waacheni waone hivyo, lakini waandike.

Tano, malipo. Fedha kwa simu si jambo la kufundishana tena. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na leo hata muuza samaki hupokea kwa simu. Ila yapo mambo mawili. La kwanza ni jina. Kabla ya kuthibitisha malipo, simu huonyesha jina la mwenye laini. Karani alisome kwa sauti, na lilingane na la daftarini. Tangu laini zote zilipotakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole, zoezi lililofikia mwisho wake Januari 2020, laini nyingi zina jina la hakika, lakini vijana wengi wanatumia laini ya kaka au ya shangazi. Ikiwa ni hivyo, iandikwe tangu mwanzo kwamba laini ni ya nani na kwa ridhaa ya nani. Fedha zikienda kwa namba siyo, kuzirudisha ni kazi ya kupiga simu kwa kampuni na kuomba aliyezipata asiwe amekwisha zitoa.

La pili ni makato. Wengi mwakumbuka tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021, na kelele zake, hata ikapunguzwa mwaka huo huo na kupunguzwa tena baadae. Kutoa fedha kwa wakala bado kuna gharama, na mchumaji aliyeahidiwa shilingi 38,000 akipata pungufu mkononi atasema ameibiwa, naye si mwongo. Shauri letu ni kwamba gharama ya kutoa ibebwe na mwenye shamba, na izungumzwe wakati wa kupatana bei ya pishi, isije ikawa neno la siku ya malipo. Wapo wanachama watakaokataa shauri hili. Tunajua. Lakini hisabuni bei ya pishi moja ya karafuu iliyofungukia mtini, kisha mlinganishe na makato ya wakala.

Daftari zuri lina faida nyingine ambayo haizungumzwi sana, nayo ni kulinganisha mbichi na kavu. Karafuu mbichi iliyokwisha chambuliwa, ikikaushwa vizuri, hubaki kama theluthi moja ya uzito wake. Basi daftari likionyesha kilo 300 zilizopimwa jioni baada ya kuchambuliwa, na baada ya siku za jua mkapata kilo 98 au 102, mambo ni sawa. Mkipata kilo 80, pana kitu kimepotea baina ya mizani na gunia, na mchumaji, ambaye kwa mazoea ndiye anayeshukiwa wa kwanza, hahusiki, kwani zake zilipimwa na kupokewa. Mara ngapi tumesikia kijana akitukanwa kwa upungufu uliotokea juu ya jamvi?

Na iko ajali. Kila msimu watu huanguka kutoka mikarafuuni. Wengine huvunjika, wengine hufa. Sheria ya karafuu ya mwaka 2014 iliweka Mfuko wa Maendeleo ya Karafuu, na shirika letu la ZSTC limekuwa likitoa fidia kwa walioanguka. Lakini mtu aliyelala hospitali mguu ukiwa juu, maswali ya kwanza atakayoulizwa ni ya kawaida: ulianguka lini, ukichuma shamba la nani, nani alikuona? Mchumaji ambaye jina lake halimo po pote ana neno lake tu. Aliyemo daftarini, na tarehe yake, na shamba lake, na jina la mtu wa kupashwa khabari, ameanza dai lake kabla hajafika hospitali. Kwa sababu hii peke yake, hata yule mwanachama asiyetaka kusikia neno kidijitali, twamwomba aandike watu wake.

Limebaki jambo moja ambalo kamati imelijadili mara tatu bila ya kukubaliana. Baadhi ya wanachama wanataka daftari liwe na nafasi ya kuandika tabia ya mchumaji: huyu mvivu, huyu huvunja matawi, huyu alichukua karadha akakimbia. Wanasema mwenye shamba ana haki ya kujua anamwingiza nani. Wengine wanasema hapo ndipo kipande kinaporudi, kwani neno moja la hasira la msimamizi mmoja litamfuata kijana mashamba yote ya tawi, naye hajui kwa nini hapati kazi. Sisi wahariri wa ukurasa huu tuko pamoja na hawa wa pili. Kuvunja matawi ni kosa kubwa, mti huumia miaka, lakini lisemwe mbele ya mtu siku ile ile na likatwe shauri siku ile ile. Karadha isiyolipwa ni hisabu, na hisabu imo tayari. Tabia haina pishi. Hata hivyo neno ni lenu, na mkutano wa matawi ndio utakaokata.

Kwa ajili ya mkutano huo, kila tawi lizungumze maswali haya na kuleta majibu yake kwa maandishi:

Pishi yenu ni ya mfuto au ya kilele, na je, wachumaji waliulizwa?

Katika tawi lenu ni wachambuaji wangapi wanawake wasio na laini yenye majina yao wenyewe, na nani atawasaidia kwenda kusajili kabla ya msimu?

Gharama ya kutoa fedha kwa wakala itabebwa na nani?

Ni nani atakayechaguliwa na wachumaji kukaa na karani na mpimaji pindi patokeapo ubishi, na atachaguliwa lini?

Je, iandikwe tabia ya mchumaji, au isiandikwe?

Majina ya wachumaji wa msimu uliopita, pamoja na namba zao za simu na ridhaa yao, yaletwe kwa makatibu wa matawi kabla vitumba havijaanza kujaa. Wale sita waliokwenda Unguja nao waandikwe ikiwa watakubali. Mmoja wao ametuletea khabari kwamba kazi ya matofali inakaribia kwisha, na ameuliza bei ya pishi msimu huu itakuwa ngapi.